UKUMBI WETU USIKAE NA KUFULI
Somo la vikundi: Msimu wa muziki, na yale tunayojifunza kwa wapiga jazi wa New Orleans



Mara hii somo letu ni juu ya ukumbi na muziki. Tafadhali mlisome katika mikutano miwili. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni. Asiyejua kusoma asiogope; masikio yanatosha na mdomo anao.

Tutafuata njia yetu ya siku zote: KUONA, KUPIMA, KUTENDA. Ni njia ambayo Papa Yohane wa 23 aliisifu katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961. Mkumbuke mwaka huo wa 1961, tutaurudia.

SEHEMU YA KWANZA: TUONE

Hapa kwetu

Nikitembelea vikundi naona jambo moja kila mahali. Kuna ukumbi uliojengwa kwa harambee. Kina mama walibeba mawe na maji, wanaume wakachimba msingi, kila nyumba ikatoa kitu. Siku ya kufungua palikuwa na mgeni wa heshima, hotuba na soda. Leo mlango una kufuli, na ufunguo hakuna anayejua uko kwa nani. Ukumbi hufunguliwa siku za kampeni, au mazishi yakinyeshewa. Siku nyingine zote wanachama wake ni popo.

Jambo la pili naloliona ni wazee wetu wa muziki. Katika kijiji hicho hicho kuna mzee anayejua nyatiti au orutu, au anayepiga kodiani ya mwomboko, au fundi wa ngoma za isukuti. Huitwa wakati wa arusi au matanga, hupewa chakula na nauli, kisha husahaulika. Akifa, ujuzi wake unazikwa naye. Si maneno yangu tu: mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Basi tuna ukumbi uliolala, na tuna watu wa kuuamsha. Mbona havikutani?

Kule New Orleans

Sasa twende safari ya mbali kidogo, mpaka mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani. Nimeuchagua mji huo kwa sababu moja. Muziki wake ulikulia katika kumbi za vikundi vya watu wa kawaida, vikundi vya kuchangiana wakati wa ugonjwa na mazishi, kama vyetu.

Kwanza neno lenyewe. Hapa Kenya ukisema “jazz” watu hukumbuka Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, au Victoria Jazz. Hao walipiga benga. Jirani zetu Tanzania walikuwa na Dar es Salaam Jazz Band tangu 1932 na Morogoro Jazz tangu 1944, na hao walipiga muziki wa dansi. Neno lilisafiri likawa kama kusema “bendi”. Jazi yenyewe ilizaliwa na watu weusi wa Marekani, hasa New Orleans, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Hupigwa kwa tarumbeta, klarineti, tromboni, ngoma, piano na vinginevyo. Mmoja anashika wimbo, wengine wanamjibu, na kila mmoja anapewa nafasi ya kusema lake bila kuharibu la mwenzake.

Miaka mingi kabla ya jazi, mwaka 1836, kikundi cha wanaume weusi waliokuwa huru kilianzisha chama mjini humo. Kwa Kifaransa, lugha waliyotumia, kiliitwa Société d'Economie et d'Assistance Mutuelle, yaani Chama cha Kuweka Akiba na Kusaidiana. Wakati huo utumwa ulikuwa bado uko Marekani. Ulikomeshwa mwaka 1865. Fikirini: watu wamezungukwa na utumwa, nao wanaketi, wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanaandika katiba, wanachanga. Mwaka 1857 wakafungua jengo lao katika mtaa wa Tremé. Watu wakaliita Economy Hall. Humo walifanya mikutano, maigizo, dansi na muziki. Baadaye wapiga jazi kama Kid Ory na kijana Louis Armstrong walipiga humo.

Mtaa huo huo ndiko lilikoanzishwa kanisa Katoliki la Mtakatifu Augustino mwaka 1841. Siku hizo familia zililipia mabenchi ya kukalia kanisani. Weusi waliokuwa huru walijilipia mabenchi yao, kisha wakalipia na mengine ya pembeni ili watumwa nao wapate mahali pa kuketi na kusali. Aliyekuwa na kidogo alimlipia asiye na kitu.

Vyama vya namna hiyo vilikuwa vingi mjini. Mwanachama alitoa mchango wake kila mwezi. Akiugua, chama kilimsaidia kwa daktari na dawa. Akifa, chama kilimzika kwa heshima, na mara nyingi bendi ya matarumbeta ilitangulia maiti. Wakienda makaburini walipiga nyimbo za dini polepole, kwa huzuni. Wakishazika na kutoka makaburini walipiga kwa furaha, na watu wakafuata nyuma wakicheza barabarani. Sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Tunajua kulia na kuimba siku moja.

Basi muone: mwanamuziki alipata kazi kwenye dansi ya Jumamosi na kwenye mazishi ya Jumapili, na mara nyingi aliyemwita ni chama kile kile. Mfuko wa chama na muziki wa mtaa vilikuwa ndugu.

Ukumbi uliopotea na vitabu vilivyobaki

Mambo yalibadilika. Bima za makampuni ziliingia. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya malipo ya uzeeni. Watu wengi wakaona hawana haja ya chama tena. Katika miaka ya 1940 Economy Hall iliuzwa kwa kanisa jingine. Mwaka 1965 kimbunga kiitwacho Betsy kililiharibu jengo, likabomolewa.

Lakini vitabu vya katibu vilibaki. Katika miaka ya 1950 mwanamume mmoja aliviona vikiwa juu ya gari la takataka, vinakwenda kutupwa. Akaviokoa, akaviweka kabatini kwake. Vilikuwa vitabu 24 vilivyoandikwa kwa mkono, kwa Kifaransa. Miaka mingi baadaye binti yake, mwandishi Fatima Shaik, alivisoma akaandika historia ya chama hicho. Kitabu chake kilitoka 2021. Jengo la mawe na mbao limekwenda, daftari la katibu bado linasema. Makatibu wetu, mnasikia?

Ukumbi mdogo ambao haukufungwa

Mwaka 1961, katika mji huo huo, kilianza kitu kidogo. Wapiga jazi wa zamani walikuwa wamezeeka. Vijana walitaka muziki mpya wa gitaa za umeme, na wazee wakakosa kazi. George Lewis, mpiga klarineti hodari, aliwahi kubeba mizigo bandarini ili ale. De De Pierce, mpiga tarumbeta, alikuwa amepofuka. Mkewe Billie alipiga piano.

Katika mtaa wa St. Peter palikuwa na duka la picha la Larry Borenstein. Kazi ilimfunga dukani jioni, hakuweza kwenda kusikiliza muziki; basi aliwaalika wazee waje wapige hapo hapo. Mwaka 1961 vijana wawili waliooana karibuni, Allan na Sandra Jaffe, walifika mjini wakaupenda muziki huo, wakachukua usimamizi wa mahali pale. Pakaitwa Preservation Hall, maana yake Ukumbi wa Kuhifadhi.

Msidhani lilikuwa jumba kubwa. Ni chumba cha watu kama 100 hivi. Rangi imebambuka ukutani. Palikuwa na mabenchi machache, wengine wakakaa sakafuni juu ya mito, wengine wakasimama. Hapakuwa na vipaza sauti. Pombe haikuuzwa. Kiingilio kilikuwa kidogo, pesa zikitiwa kikapuni mlangoni. Aliyetaka wimbo fulani alilipia, na wimbo mmoja maarufu kuhusu watakatifu, ulioombwa kila usiku hadi wapigaji wakachoka nao, uliwekewa bei ya juu kuliko nyingine. Huo nao ni ujanja wa biashara!

Walipiga usiku baada ya usiku, bendi zikipokezana. Weusi na weupe waliketi benchi moja, wakati mji ule bado ulikuwa na ubaguzi mkali wa rangi. Mama Emma Barrett, aliyeitwa “Sweet Emma”, alipata kiharusi mwaka 1967, upande mmoja ukapooza. Aliendelea kupiga piano kwa mkono mmoja mpaka alipofariki mwaka 1983. Hakuambiwa, “Mama, sasa kaa nyumbani.” Alikuwa na mahali pa kwenda, na watu wa kumngoja.

Allan Jaffe alifariki 1987, na mwanawe Ben akaendeleza kazi. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliufunga mlango, kama ulivyofunga makanisa yetu, lakini mwaka 2021 ukafunguliwa tena. Chumba kile kidogo kimepita miaka 60.

SEHEMU YA PILI: TUPIME

Sasa tupime tuliyoyaona. Mimi nayaona mambo manne, ninyi mtaongeza.

1. Jioni ndogo nyingi zinashinda siku moja kubwa. Sisi tumezoea siku kubwa: mgeni wa heshima, hema la kukodi, vipaza sauti, pilau. Pesa zinaingia asubuhi na kutoka jioni. Kesho yake ukumbi unafungwa. Preservation Hall haikungoja siku kubwa. Mlango ulifunguliwa, ukafunguliwa tena, na tena. Watu wakazoea njia ya kwenda huko. Hilo ndilo neno “msimu”: watu wanajua siku, wanajua saa, hawahitaji kukumbushwa.

2. Ukumbi ni watu, si mabati. Economy Hall ilikuwa jengo zuri, lakini wanachama walipopungua, jengo halikuweza kujitetea. Chumba cha mtaa wa St. Peter kilikuwa kikuukuu, nacho kikadumu kwa sababu kilikuwa na watu kila siku. Kikundi kinachosema “tungoje mfadhili atuwekee dari kwanza” kijiulize: dari itaimba?

3. Mfanyakazi na alipwe. Someni Luka 10, aya ya 1 hadi ya 9, jinsi Bwana wetu alivyowatuma wanafunzi na alivyosema juu ya ujira. Tumezoea kumwambia mpiga nyatiti, “Mzee, hii ni kazi ya jamii, ni ya kujitolea.” Mwalimu analipwa, fundi wa mabati analipwa, mwenye hema analipwa. Kwa nini mzee huyu peke yake ajitolee?

4. Kisichoandikwa kinapotea. Ni daftari la chama lililotuambia habari za 1836.

Tena tupime na hatari. Muziki unaweza kuleta ulevi, fujo na wasichana kudanganywa gizani. Wazazi na mapadre wana haki ya kuogopa. Lakini ukumbi uliofungwa hauwalindi vijana. Vijana watatafuta muziki tu, na wataupata mahali ambapo ninyi hampo. Afadhali uwe chini ya macho ya mama zao.

SEHEMU YA TATU: TUTENDE

Hizi hapa hatua za kuanzia. Kila kikundi kipime hali yake.

Hatua ya 1. Tafuteni ufunguo. Msicheke! Jueni ukumbi ni wa nani kwa maandishi: ni wa kikundi, wa parokia, wa shule au wa kaunti? Ombeni ruhusa kwa barua, mweke nakala. Kikundi chenyewe kiwe kimeandikishwa katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii.

Hatua ya 2. Tembeleeni wazee wa muziki nyumbani kwao. Nendeni watu wawili au watatu, kwa heshima, na sukari mkononi. Muulizeni mzee anapiga nini, na angependa kupiga na nani. Mwambieni aje na kijana mmoja wa kujifunza, akae karibu naye.

Hatua ya 3. Chagueni jioni nane, si zaidi. Mfano: kila Jumapili ya pili baada ya nyingine, kuanzia baada ya mavuno. Saa nane mchana mpaka saa kumi na moja ni wakati mzuri: mama anarudi kukamua ng'ombe na kupika kabla ya giza, na hamhitaji stima. Andikeni tarehe zote nane kwenye karatasi, mbandike kanisani, sokoni na dukani. Kisha msibadilishe.

Hatua ya 4. Mwarifuni chifu, na muulize ofisi ya kaunti kama kibali kinahitajika. Msingoje siku ile ile.

Hatua ya 5. Wekeni sheria tatu mlangoni. Pombe hapana. Hotuba za siasa hapana. Kila mtu analipa. Mheshimiwa akija, karibu sana: alipe kama wengine, aketi kwenye benchi, asikilize. Asiye na shilingi alete gorogoro ya mahindi kwa jamaa nzima. Iandikwe na iuzwe.

Hatua ya 6. Kubalianeni mgawo kabla ya siku ya kwanza. Ugomvi mwingi wa vikundi unatoka kwenye pesa zilizogawanywa bila mapatano. Napendekeza hivi: toeni gharama kwanza, kinachobaki nusu iwe ya wanamuziki, robo ya kutengeneza ukumbi, robo ya mfuko wa wagonjwa na mazishi.

Mfano wa hesabu

Tuseme kiingilio ni Sh 50, na gharama za siku (usafi, karatasi, kukodi viti vichache) ni Sh 600.

Siku nzuri, watu 80: zinaingia Sh 4,000. Toa 600, zinabaki 3,400. Wanamuziki 1,700, ukumbi 850, mfuko 850.

Siku ya mvua, watu 30: zinaingia Sh 1,500. Toa 600, zinabaki 900. Wanamuziki 450, ukumbi 225, mfuko 225.

Msimu wa siku nne nzuri na siku nne za mvua: zinaingia Sh 22,000. Gharama ni 4,800, zinabaki 17,200. Wanamuziki 8,600, ukumbi 4,300, mfuko 4,300.

Nataka muone wazi: pesa hizi hazimtajirishi mtu. Wapigaji wakiwa wanne, kila mmoja anapata Sh 2,150 kwa msimu wote. Siku ya mvua anapata kama Sh 112, labda nauli tu. Kwa hiyo zungumzeni nao mapema: je, siku ikiwa mbaya kikundi kitaongeza kidogo kutoka robo ya ukumbi? Jibuni hilo mkiwa mmeketi, si mkiwa mmesimama mlangoni mnagombana. Lakini Sh 4,300 za ukumbi zinanunua misumari, kufuli mpya na rangi. Na mwakani mnaanza mkiwa na watu waliozoea kuja.

Chai na mandazi ya kina mama yawe na daftari lake. Msichanganye.

Hatua ya 7. Andikeni. Mlangoni wakae watu wawili, na tikiti ziwe na namba. Pesa zihesabiwe mbele ya watu watatu, mmoja wao awe mwanamuziki. Mwanamuziki atie sahihi au dole gumba akipokea. Halafu katibu aandike ukurasa mmoja: tarehe, nani alipiga, nyimbo gani na maana yake, wangapi walikuja, nini kilienda vibaya. Mkiwa na simu nzuri, rekodini, lakini mwombeni mzee ruhusa kwanza, na mkubaliane rekodi ni mali ya nani.

Hatua ya 8. Baada ya jioni ya nane, kaeni chini. Someni hesabu mbele ya wanachama wote. Kisha ndiyo muamue kama kutakuwa na msimu mwingine. Msiahidi kabla ya kupima.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ukumbi ulio karibu nasi ulifunguliwa mara ngapi mwaka uliopita, na kwa kazi gani? Ufunguo uko kwa nani?

2. Tajeni kwa majina wazee wa muziki walio hai katika lokesheni yetu. Ni nani anajifunza kwao? Tukikosa jibu, tufanye nini mwezi huu?

3. Chama cha Tremé kilipungua watu walipopata bima na malipo ya serikali. Sisi tukipata bima ya afya na pesa za simu, kikundi chetu bado kitakuwa na kazi gani?

4. Weusi walio huru waliwalipia watumwa mabenchi kanisani. Katika msimu wetu wa muziki, nani atabaki nje mlangoni kwa kukosa Sh 50, na sisi tutamfanyia nini?

5. Vijana wetu wana hofu gani na muziki wa wazee, na wazee wana hofu gani na muziki wa vijana? Waulizeni wenyewe, msiwajibie.

6. Daftari letu likipatikana miaka 100 ijayo, mtu atajifunza nini juu yetu?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Watu wawili waende wautazame ukumbi: paa, madirisha, choo, mabenchi. Watu wawili wamtembelee mzee mmoja wa muziki. Waje na taarifa fupi. Msianze na kamati ya watu kumi na tano. Hao wanne wanatosha.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, na awape masikio ya kusikilizana.